Manyoya ya mbwa mzee hayanyonyoki bure

Mfanyabiashara wa Kigali anayefuata mchele na dagaa ng'ambo ya Rusumo huondoka nyumbani usiku na kurudi baada ya siku tatu au nne. Nyuma anaacha familia, stoo yenye magunia, kufuli mbili na mbwa. Mbwa huyo ndiye anayebweka geti linapoguswa. Amefanya kazi hiyo miaka minane, tisa, kumi, bila mshahara na bila likizo. Siku moja mwenye mzigo anarudi, anafungua geti, na mbwa anamjia akitingisha mkia uliobaki ngozi tupu. Mgongoni ana mabaka. Viwiko vimekuwa vigumu kama soli ya kiatu. Harufu yake inafika kabla yake.

Hapo ushauri unaanza kumiminika. Jirani anasema ni uzee tu, aachwe amalize siku zake. Kijana wa gereji anajitolea kuleta oili chafu ya gari. Rafiki anayepitishia bidhaa zake Gatuna anasema anayo dawa ya kuogeshea ng'ombe aliyoitoa Uganda. Mwingine ana sindano ya minyoo ya ng'ombe, chupa imebaki nusu. Ndani ya nusu saa mbwa ameshapangiwa matibabu, na hakuna hata mmoja aliyemgusa.

Kosa liko hapo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na ngozi ya mbwa mzee ni mawingu yenyewe. Inasema kuna jambo, ama juu ya mwili ama ndani yake: kwenye tezi, kwenye ini, kwenye damu, au kwenye chakula anachopewa. Anayepaka kitu juu ya mawingu hazuii mvua. Na wafanyabiashara wa mipakani wana sehemu yao katika jambo hili, kwa sababu dawa nyingi zinazomiminwa juu ya mbwa hawa zimepita mikononi mwao. Dawa inavuka mpaka kirahisi. Maelezo yake hubaki ng'ambo.

Mbwa wa kwanza kuzeeka getini

Kwa Rwanda, habari ya mbwa ina historia nzito. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa waliokosa wenyewe walikula maiti zilizoachwa wazi. Askari waliwapiga risasi kwa wingi, na waandishi waliofika nchini baadaye waliandika juu ya nchi iliyokosa mlio wa mbwa usiku. Wapo watu wazima ambao hadi leo hawawezi kumtazama mbwa bila kukumbuka, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Wapo pia, hasa Biryogo na Nyamirambo ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi, wanaokaa mbali na mbwa kwa sababu ya tohara ya ibada. Lakini mafundisho ya Uislamu yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na simulizi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu inajulikana vizuri madrasa. Kutomgusa mbwa ni jambo moja. Kumwacha aoze getini ni jambo jingine.

Mbwa walirudi Kigali polepole, wengi wao kama walinzi. Matokeo yake ni kwamba katika nyumba nyingi mbwa wa sasa ndiye wa kwanza ambaye familia imemwona akizeeka. Ujuzi wa kumtunza ng'ombe ni wa mababu; mtoto wa kijijini anajua ng'ombe anapokosa raha kwa kumwangalia masikio tu. Ujuzi wa mbwa mzee hakuna aliyeurithi. Pengo hilo ndilo linalojazwa na oili chafu.

Kipi ni uzee, kipi ni ugonjwa

Yapo mabadiliko ambayo kweli ni ya umri. Mbwa mkubwa wa mwili huanza kuzeeka akiwa na miaka sita au saba. Mdogo huchelewa hadi tisa au kumi. Mvi huzunguka mdomo na macho. Manyoya hukauka na kupoteza mng'ao. Kucha hurefuka kwa sababu anatembea kidogo. Mwenye maumivu ya viungo hawezi tena kujigeuza kujilamba kiunoni, kwa hiyo manyoya ya sehemu hiyo hufungamana na kushika uchafu. Hayo yanahitaji brashi, mkasi na subira.

Lakini muwasho si uzee. Mabaka yasiyo na nywele si uzee. Harufu mbaya, usaha, magamba na vidonda si uzee. Mbwa mwenye dalili hizo ni mgonjwa, awe na mwaka mmoja au kumi na miwili.

Swali la kwanza ambalo mwenye mbwa anaweza kulijibu bila kulipa chochote ni hili: je, anajikuna? Kama anajikuna, washukiwa wa kwanza ni wadudu. Viroboto hujificha kiunoni na chini ya mkia, na mbwa mwenye mzio huhitaji kuumwa mara chache tu ili ajitafune hadi damu. Kupe hukaa masikioni na katikati ya vidole, na mbali na kidonda huleta magonjwa ya damu yanayomdhoofisha mbwa polepole. Kisha wapo utitiri wa upele, wasioonekana kwa macho. Hawa huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, na muwasho wao haumpi mbwa usingizi.

Upele huo haubaki kwa mbwa. Huweza kumrukia anayemgusa na kumwashia mikono na tumbo. Choa nacho, ambacho ni ugonjwa wa fangasi na hutoa mabaka ya duara, hupita kutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto. Nyumba ambayo mbwa ananyonyoka manyoya na mtoto ana mashilingi kichwani ina tatizo linalotakiwa kutibiwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kumpeleka mtoto zahanati na kumwacha mbwa ni kuteka maji kwa pakacha.

Yupo utitiri wa aina nyingine anayekaa ndani ya vishimo vya nywele. Karibu kila mbwa anaye kwa idadi ndogo na hamdhuru. Anapolipuka kwa mbwa aliyekwisha zeeka, mara nyingi maana yake ni kwamba kinga ya mwili imeshuka, na kilichoishusha kinatakiwa kitafutwe. Kumuua utitiri bila kutafuta chanzo ni kumfukuza mwizi na kuacha mlango wazi.

Kama mbwa hajikuni, na manyoya yanaondoka kwa ulinganifu pande zote mbili za mwili, mawazo yaende kwenye homoni. Tezi ya shingoni ikilegea, mbwa hunenepa bila kula sana, hulala muda wote, huona baridi, na mkia wake hubaki kama wa panya. Watu humwita mvivu. Kipimo cha damu hutambua hali hiyo, na tiba yake ni vidonge vya kila siku ambavyo humrudishia mbwa manyoya na uchangamfu ndani ya miezi. Tezi za juu ya figo zikizidisha kazi, mambo huwa kinyume: anakunywa maji hadi bakuli linakauka, anakojoa mahali ambapo hajawahi kukojoa, tumbo linaning'inia na ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Mbwa wote wawili wana kipara. Dawa ya mmoja haimfai mwingine, na dawa ya josho haimfai yeyote kati yao.

Halafu kuna uvimbe. Mbwa mzee huota uvimbe mwingi, na mwingine ni mafuta tu, laini, unaotembea chini ya kidole. Lakini saratani moja ya ngozi ya mbwa inaweza kuiga sura yoyote, hata ya uvimbe wa mafuta au ya alama ya kuumwa na mdudu. Hakuna jicho linaloweza kuapa. Daktari huchoma sindano nyembamba, akamwaga kitone kwenye kioo na kukitazama kwa darubini. Kwa mbwa weupe kuna hatari ya ziada: pua na masikio yasiyo na rangi huungua na jua, na Kigali iko karibu na ikweta, juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kidonda cha puani kisichopona kwa wiki kadhaa kisisubiri Pasaka.

Saruji na sufuria

Si kila tatizo linaanzia duka la dawa. Mbwa mzito anayelala juu ya saruji hupata sugu kwenye viwiko na matako. Sugu hupasuka, huingia uchafu, na hugeuka kidonda kisichofunga. Tiba ya kwanza ni tandiko. Mwenye stoo ana magunia. Magunia manne yaliyokunjwa, yaliyokauka, yanayofuliwa na kuanikwa juani kila wiki, yanafanya kazi ambayo hakuna mafuta ya kupaka yanayoweza kuifanya. Ni ajabu kwamba mlinzi wa mali ya magunia hulala sakafuni.

Chakula ndicho jambo la pili. Mbwa wengi wa getini hula pumba na makombo ya ugali. Nafaka tupu, hasa pumba zake, huzuia mwili kutumia vizuri madini ya zinki, na upungufu wake huonekana kwa magamba kuzunguka macho na mdomo na unyayo kuwa mgumu. Protini ikipungua, manyoya ndiyo ya kwanza kulipa, kwa kuwa mwili huokoa moyo na figo kabla ya kufikiria urembo. Mfanyabiashara wa dagaa ana dawa hiyo gunia zima: kiganja cha dagaa wasio na chumvi nyingi, waliooshwa na kuchemshwa, kila siku. Anayeuza sambaza wa Ziwa Kivu anaweza kufanya vivyo hivyo.

Jambo la tatu linawahusu zaidi wenye nafaka. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mnunuzi ameyakataa, mara nyingine huishia kwenye sufuria ya mbwa kwa hoja kwamba mbwa hula chochote. Wasafirishaji hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kulegeza kwa masharti siku chache baadaye. Sumu iliyosimamisha malori hayo ndiyo inayoshambulia ini la mbwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Kuichemsha hakuimalizi. Ini la mbwa mzee likichoka, manyoya hufifia, unyayo hupasuka, na mwenye mbwa husema tena kuwa ni uzee. Gunia lisilofaa kwa binadamu halifai kwa mbwa.

Dawa za mtaani

Oili chafu ndiyo ya kwanza. Wanaoitetea husema inaua upele. Inaweza kuziba pumzi ya utitiri kadhaa, lakini ni uchafu wa injini wenye metali na kemikali za mafuta. Mbwa hujilamba, na alichopakwa mgongoni jioni kiko tumboni asubuhi. Ngozi yenye vidonda huiingiza moja kwa moja mwilini, na figo za uzeeni hazina nguvu ya kupambana nayo.

Ya pili ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ile yenye amitrazi huuzwa ikiwa nzito, kwa kawaida asilimia 12.5, ichanganywe na maji mengi sana. Ni kweli kwamba madaktari huitumia kwa baadhi ya mbwa wenye utitiri, kwa kipimo walichokokotoa. Katika beseni la nyumbani kipimo ni kifuniko cha chupa, na kifuniko kimoja cha ziada hubadilisha kila kitu. Mbwa husinzia, mapigo ya moyo hushuka, sukari ya damu hupanda. Kijana anaweza kuamka kesho yake. Mzee mwenye moyo dhaifu au kisukari kisichojulikana anaweza asiamke. Anayemwogesha bila glavu naye anajitia hatarini.

Ya tatu ni sindano ya ivamektini. Dawa hiyo ina heshima yake. Waliogundua asili yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa faida iliyowaletea binadamu. Lakini hesabu haina heshima kwa mtu. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50. Anayemkadiria kwa macho mbwa wa kilo 20 na kuvuta mililita 1 amempa mara mbili na nusu ya kile ambacho angempa ng'ombe kwa uzito huo. Tena wapo mbwa wenye kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Kasoro hiyo iko sana kwa ukoo wa Collie, na iko pia kwa baadhi ya German Shepherd, mbwa wanaopendwa kwa ulinzi. Damu imechanganyika kwenye mitaa. Hakuna anayejua mbwa wake amerithi nini. Mbwa aliyezidiwa hupepesuka, hutoa mate, hupofuka na kuanguka. Dawa mahsusi ya kuiondoa sumu hiyo hakuna.

Ya nne ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa inaonekana kufanya kazi. Ni sindano ya steroidi, inayouzwa kama dawa ya muwasho. Mbwa anaacha kujikuna siku hiyohiyo, na mwuzaji anasifiwa. Wiki mbili baadaye muwasho unarudi, sindano inarudiwa. Kama chanzo ni upele au fangasi, kinga inashushwa na ugonjwa unanenepa. Sindano zikizidi, mbwa hupata kipara, ngozi nyembamba na tumbo la kuning'inia, yaani dalili zilezile za tezi za figo zilizozidisha kazi, safari hii zimetengenezwa na binadamu. Steroidi ina mahali pake mkononi mwa daktari. Kwenye mkoba wa abiria haina.

Maelezo nayo yavuke

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia. Cheti rahisi cha asili, kinachomsaidia mwenye shehena isiyozidi dola 2,000, kimewatoa wengi kwenye njia za panya. Lakini cheti hicho ni cha ushuru. Hakifuti kibali cha dawa. Nchini Rwanda usajili wa dawa, za binadamu na za mifugo, uko chini ya Rwanda FDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Uganda ina NDA, Tanzania ina TMDA, Kenya ina kurugenzi yake ya dawa za mifugo. Ni mamlaka nne zenye orodha nne, na chupa iliyo halali Kampala inaweza kuwa magendo Kigali. Anayeficha chupa tatu ndani ya gunia la viazi hakwepi ushuru tu. Anaingiza kitu ambacho hakuna aliyekikagua, ambacho pengine kimekaa juani siku mbili juu ya buti la basi, na ambacho mnunuzi akidhurika hana pa kulalamika.

Jibu la wafanyabiashara linajulikana, na lina haki ndani yake. Wanasema soko lipo kwa sababu dawa ya upande wa pili ni nafuu, na kwa sababu daktari ni ghali. Wanasema mbwa si ng'ombe: hatoi maziwa, hauzwi, hakuna atakayetumia fedha ya mtaji kwa mbwa mzee. Hoja hiyo isipuuzwe kwa maneno matamu.

Ijibiwe kwa hesabu. Mwenye mbwa aliyenunua oili, kisha josho, kisha sindano, kisha sabuni ya dawa, amelipa mara nne kabla ya kujua anatibu nini. Kukwangua ngozi kwa kisu butu na kutazama kwa darubini ni kipimo cha dakika chache, miongoni mwa vilivyo rahisi kabisa katika kazi ya daktari wa mifugo. Kipimo hicho kimoja kinaweza kusema upele, utitiri wa vishimoni au hapana. Baada ya hapo inanunuliwa dawa moja. Siku hizi vipo vidonge vya kutafuna vinavyoua kupe, viroboto na utitiri kwa pamoja. Bei yake kwa kidonge ni kubwa, lakini kimoja hufanya kazi mwezi au zaidi, na daktari huuliza kwanza kama mbwa ana kifafa. Mlinzi wa kuajiriwa kwa usiku mmoja naye hatoi maziwa, na hakuna anayebisha mshahara wake.

Kwa upande wa serikali, deni ni kubwa zaidi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekikubali kuwa moja ya lugha zake rasmi. Hata hivyo chupa nyingi za dawa za mifugo zinazozunguka katika ukanda huu zina maandishi madogo ya Kiingereza au Kifaransa, na anayeisoma kwa taabu ndiye anayeipima kwa kifuniko. Nchi zinazoweza kukubaliana juu ya umbo la fomu ya forodha zinaweza kukubaliana kwamba kila dawa ya mifugo inayouzwa sokoni iwe na karatasi ya Kiswahili yenye mambo manne: ni ya mnyama gani, kipimo kwa kilo, isimpe nani, na nini kifanyike akizidiwa. Kwa chanjo za mifugo, Jumuiya tayari ina utaratibu wa nchi kutambuana katika usajili. Dawa za kupe na utitiri zifuate njia hiyo. Magendo hupungua pale njia halali inapokuwa fupi.

Na mwenye duka la dawa za mifugo, awe Kimironko, Rusizi au Kabale, asisubiri serikali. Anayeuliza dawa ya mbwa aulizwe maswali matatu kabla ya kuonyeshwa rafu: mbwa ana kilo ngapi, ana umri gani, na nani amemwona. Akikosa jibu la tatu, aelekezwe kwa daktari. Biashara ya leo itapungua kwa chupa moja, lakini mteja atarudi, kwa kuwa mbwa wake atakuwa hai.

Siku inaweza kufika ambapo daktari anasema hakuna tena la kufanya. Hapo pia kuna njia ya heshima, nayo ni sindano isiyo na maumivu chini ya mkono wa daktari, mwenyewe akiwa karibu. Nyama yenye sumu si njia. Kumpakia kwenye pikipiki na kumtupa mbali na mtaa si njia. Anayefanya hivyo anawapelekea wengine upele, na kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepita muda, anawapelekea hatari kubwa zaidi ya upele. Chanjo hiyo haina uzee. Mbwa wa miaka kumi huihitaji kama wa miaka miwili.

Lakini wengi hawajafika huko. Mkia uliobaki ngozi tupu unaweza kuota manyoya tena mwenye mbwa akianza na swali badala ya chupa. Atakayeshuka Nyabugogo wiki ijayo na mzigo wake, kabla ya kuhesabu magunia, apitishe mkono mgongoni mwa aliyeyalinda: masikio, viwiko, tumbo, katikati ya vidole. Dakika mbili zinatosha. Atakachokikuta amweleze daktari, siyo fundi wa gereji.